Watu Wazima wa Aina Mbili

Nikisema tasnifu yangu ya uzamili inahusu elimu ya watu wazima, wenzangu huniangalia kama mtu aliyechagua mada ya kupumzikia. Picha inayowajia kichwani ni ileile: bibi kizee mwenye khanga, miwani imefungwa kwa uzi, ameshika penseli kama anayeshika mwiko, na nyuma yake bango la kampeni. Lakini nenda leo, saa kumi na moja jioni, kwenye kituo chochote cha masomo ya jioni Mwanza au Dar es Salaam. Huyo bibi humkuti. Utamkuta binti wa miaka 19 aliyemwacha mtoto kwa jirani, kijana wa bodaboda aliyeegesha pikipiki mahali anapoweza kuiona kupitia dirishani, mlinzi anayeangalia saa kwa sababu zamu yake inaanza saa moja. Kusoma na kuandika wanajua. Wengi wao walifika kidato cha pili, wengine cha tatu, wengine walimaliza cha nne na wamekuja kurisiti. Walichokosa ni cheti.

Kwa hiyo neno ni lilelile, watu wazima, lakini watu wamebadilika. Zamani lilimtaja mtu ambaye shule haikumfikia. Siku hizi mara nyingi linamtaja mtu ambaye shule ilimfikia, ikamshika miaka kadhaa, kisha ikamtoa. Nimetumia mwaka mzima kutafuta lini neno hili lilihama, na nimegundua kwamba nyumbani kwetu ninao watu wawili waliosimama pande mbili za uhamaji huo: bibi yangu mzaa mama, na kitinda mimba wake, mama yangu mdogo.

Nianze na bibi, maana serikali nayo ilianza na watu kama yeye.

Mwaka 1964, alipokuwa akiwasilisha mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere alijenga hoja ambayo kwa nchi changa ilikuwa ya kushangaza: watoto wasubiri kidogo, watu wazima kwanza. Mtoto anayeingia darasani leo, alisema, hataugusa uchumi kwa miaka mitano, kumi, hata ishirini. Mkulima mwenye jembe mkononi ataugusa msimu ujao. Miaka mitano baadaye, tarehe 31 Desemba 1969, katika hotuba ya mkesha wa mwaka mpya, aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takriban asilimia 67 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Zikachaguliwa wilaya sita za kuanzia, Mafia na Ukerewe zikiwemo, na Septemba 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua kwamba nchi nzima iwe imefuta kutojua kusoma ifikapo mwisho wa 1975.

Bibi ni wa Ukerewe. Kanda ya Ziwa ilikuwa tayari imezoea mambo haya, kwa sababu tangu 1968 kulikuwa na mradi wa majaribio wa UNESCO uliokuwa na makao yake Mwanza, wa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Mtu hakufundishwa herufi tupu. Alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba ikiwa analima pamba, cha ndizi ikiwa anaishi na migomba, cha uvuvi ikiwa anavua. Herufi ziliingia kwa mlango wa kazi.

Nilipomuuliza alijiandikishaje, bibi alicheka. "Mjukuu wangu, mimi sikujiandikisha. Jina langu liliandikwa nikiwa shambani." Balozi wa nyumba kumi alipita na daftari, akaorodhesha kila mtu wa nyumba asiyejua kusoma, na jioni ya Jumatatu iliyofuata walitakiwa shuleni. Shule za msingi zilikuwa zimefanywa vituo: watoto wakitoka, watu wazima wanaingia, mwalimu mkuu ndiye msimamizi wa wote. Hivyo bibi alisomea kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yakigonga ubao wa juu. Mwalimu wake alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, mmoja wa maelfu ya wakufunzi wa kujitolea waliokuwa wakipewa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Bibi alikuwa amewahi kumcharaza fimbo kijana huyo kwa kuiba maembe. "Akaniita mwanafunzi," anasema, na mpaka leo hajaamua kama jambo hilo linamchekesha au linamuudhi.

Sitaki kuipamba kampeni ile. Wito wa balozi haukuwa mwaliko wa harusi ambao unaweza kuukwepa kwa udhuru. Bibi anakumbuka kwamba asiyehudhuria alipata taabu siku akihitaji barua ya balozi. Lugha yenyewe ilikuwa na kiburi chake. Kampeni iliitwa ya kufuta ujinga, na bibi hajalisamehe neno hilo. Anasema alijua mvua ikikaribia, alijua samaki yupi analiwa na mama mjamzito na yupi haliwi, alijua hesabu za deni la kila jirani kwa kichwa. Ujinga gani uliofutwa? Kamusi zetu zina neno jingine, ngumbaru, mtu mzima anayejifunza kusoma na kuandika, na mtaani neno hilo halikutamkwa bila kicheko.

Lakini jambo moja linanigusa kila ninapolirudia. Mwaka 1975, mwaka wa mtihani, bibi alikuwa na miaka 25. Bibi kizee wa kwenye bango alikuwa na umri wangu wa sasa.

Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975. Kati ya watu takriban milioni 5.2 walioandikishwa, kama milioni 3.8 walijitokeza, na wengi wao walikuwa wanawake. Naomba msomaji atulie kidogo kwenye idadi hiyo: huenda hakuna mtihani mwingine katika historia ya nchi hii uliowahi kukalisha watu wengi kiasi kile kwa mara moja. Kulikuwa na hatua nne. Wa hatua ya kwanza alikuwa amehudhuria na kutambua maneno mepesi. Wa hatua ya nne alitakiwa kuweza kusoma gazeti na kufuata habari, kusoma maelekezo ya kazi, kuandika barua, kuweka hesabu za mapato na matumizi yake. Bibi alifikia hatua ya tatu. Mtihani ulikuwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwake ni ya pili baada ya Kikerewe lakini ni lugha anayouzia muhogo sokoni. Takwimu rasmi zilisema kutojua kusoma kumeshuka hadi asilimia 39.

Nilimuuliza cheti kilimsaidia nini. Hakulielewa swali. Nikalirudia kwa njia nyingine, nikamuuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumtaka akionyeshe. Hakuna. Kilikuwa karatasi ya furaha. Alichokipata ni kwamba mume wake alipokwenda kufanya kazi Mwanza, barua zake hazikupitia tena kwa jirani.

Hapo ndipo penye tofauti yote. Elimu ile haikukusudiwa kumtoa mtu mahali alipo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa wiki kumi na mbili, na matokeo yake yalihesabika kwa vyoo vilivyochimbwa na madimbwi yaliyofukiwa. Hakuna aliyehitimu Mtu ni Afya. Wasomi wa nje walikuja kutazama. Paulo Freire alifika Dar es Salaam 1971, na mwaka 1976 jiji hilohilo lilipokea mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima ambao Nyerere mwenyewe alihutubia. Walichokuja kuona kilikuwa elimu isiyokuwa ngazi ya kupandia.

Pembeni ya haya yote, hata hivyo, kulikuwa na chumba kidogo ambacho wanahistoria wengi hupita bila kuchungulia. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere na kupata sheria yake yenyewe mwaka 1975, ilikuwa pia na masomo kwa njia ya posta, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliosoma kwa posta hawakuwa wakulima wa hatua ya kwanza. Walikuwa makarani, askari, walimu wa shule za msingi, watu wenye mshahara na kiu ya kidato cha nne. Kwao cheti kilikuwa ndiyo hoja. Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1973, liliwapa jina ambalo bado tunalo, watahiniwa wa kujitegemea. Ukitaka kuwatambua mpaka leo, tazama namba ya mtihani: ya mwanafunzi wa shule huanza na herufi S, ya wa kujitegemea huanza na P.

Katika miaka kumi na tano iliyofuata, ukumbi mkubwa ukabomoka na chumba kidogo kikawa nyumba nzima.

Sehemu ya sababu ni mafanikio. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisogeza mbele elimu ya msingi kwa wote, na kufikia mwisho wa muongo ule watoto karibu wote walikuwa wanaingia darasa la kwanza. Sehemu ni njaa: uchumi ulianguka, na katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipoanza kukaza mkanda na karo zikarudi, jambo la kwanza kukosa mafuta lilikuwa gari la mratibu wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1986 takwimu ya kutojua kusoma ilitangazwa kuwa asilimia 9.6, moja ya sifa kubwa Afrika. Kisha sensa ya 2012 ikahesabu wanaojua kusoma kuwa takriban asilimia 78 ya wenye miaka 15 na zaidi. Mtu hawezi kuzipanga takwimu hizi mbili kwenye mstari mmoja kana kwamba zilipimwa kwa rula moja. Lakini siamini pia kwamba tofauti yote ni ya rula.

Sababu nyingine ni mlango mwembamba. Tanzania ya miaka ya 1980 ilikuwa na watoto wengi waliomaliza darasa la saba na nafasi chache mno za sekondari, kati ya chache zaidi duniani kwa uwiano wa watu wake. Kisha, kuanzia 2004, mpango wa kupanua sekondari ukaleta shule za kata, na mlango ukafunguliwa haraka kuliko walimu walivyoweza kupatikana. Mimi ni zao la shule ya kata, kwa hiyo sizibezi. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri, kabla ya kupangwa upya. Wale wote walienda wapi? Wengi walienda kwenye vituo vya jioni. Ukumbi ambao bibi aliuacha ukajaa tena, safari hii na watoto wa watu waliofundishwa na kampeni.

Na wasichana. Mama mdogo alikuwa kidato cha pili mwaka 2006, miaka 16, alipopimwa mimba shuleni pamoja na wenzake, wamepangwa foleni. Shule siitaji, zilifanya hivyo nyingi. Desturi ya kuwafukuza wenye mimba ni ya zamani, lakini kanuni za 2002 za kufukuza wanafunzi ndizo zilizoipa maandishi, na hata hapo kwa mzunguko: zinazungumzia kosa dhidi ya maadili na kuingia katika ndoa. Neno mimba halimo. Wakuu wa shule walilisoma humo wenyewe. Jioni ile bibi, mwenye cheti chake cha hatua ya tatu, alikwenda kumchukua binti yake akiwa na barua ambayo aliweza kuisoma mwenyewe njiani. Huo nao ulikuwa ni manufaa ya kisomo.

Mama mdogo alikaa nje ya shule miaka 13. Juni 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais Magufuli alirudia msimamo kwa sauti ya juu: aliyezaa harudi shuleni katika utawala wake. Mlango wa S ukawa umefungwa kwa komeo. Januari 2019, akiwa na miaka 28, alikwenda kujiandikisha kwa mlango uliobaki, Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu huuita QT. Mtu ambaye hakumaliza kidato cha nne lazima aupite huo kwanza, kisha ndipo aruhusiwe kukaa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hakuna balozi aliyepita na daftari. Usajili hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari. Ukichelewa unalipa faini. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, jina lako linaingia. Tangu 2016 kidato cha kwanza hadi cha nne hakina ada kwenye shule za serikali, lakini kituo cha jioni kina ada yake, na mtihani una wake. Elimu bila malipo ni ya wenye S.

Majirani aliwaambia anahudhuria kikoba. Jumatatu hadi Ijumaa. "Kikoba gani kinakutana kila siku?" nilimuuliza. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza, maana mwanamke akisema anakwenda kuweka akiba watu hunyamaza. Alisomea kwenye darasa la shule ya msingi lililokodishwa, madawati yaleyale ya magoti kugonga.

Kinachonikasirisha zaidi ni lugha. Bibi alipimwa kwa Kiswahili juu ya pamba na barua. Binti yake, miaka 44 baadaye, alipimwa kwa Kiingereza juu ya kila kitu isipokuwa Kiswahili chenyewe. Biolojia, jiografia, historia, uraia: mwanamke aliyekuwa akiendesha genge la mboga kwa miaka kumi, anayejua faida na hasara kuliko mhadhiri wangu, alikesha akikariri tafsiri za maneno ambayo maana yake anaifahamu tangu utotoni. Mwanawe, wakati huo yuko shule ya msingi, ndiye aliyeshika daftari na kumsikiliza. Sijaona ripoti inayohesabu ni wangapi wanaanguka QT kwa kutojua somo na wangapi kwa kutojua Kiingereza. Ningeianza mimi kama ningekuwa na pesa ya utafiti.

Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 kwa sekondari za Tanzania, na ndani yake, baada ya mabishano makali ya ndani na nje, kukawemo njia mbadala kwa wasichana walioacha shule, kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako akatangaza kwamba waliopata ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na waraka ukatolewa. Nilifurahi kama wengine. Lakini kama mwanafunzi wa historia, nabaki na kitu kooni. Kwa miaka mingi nchi ilikuwa na msichana wa miaka 16 ambaye haikumtaka darasani, na badala ya kusema hivyo, ilimwita mtu mzima. Mimba ndiyo iliyompa utu uzima kabla ya sheria nyingine yoyote kumpa. Taasisi iliyojengwa kwa ajili ya mkulima aliyekosa shule ikageuzwa stoo ya watoto ambao shule iliwakataa, na walimu wake, ambao nimekaa nao na kuwaheshimu, wakafanya kazi nzuri ndani ya stoo hiyo. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na sitaki tasnifu yangu ichague moja ili isomeke vizuri.

Mama mdogo alifaulu QT. Mwaka uliofuata Korona ilifunga madarasa kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, kituo chake kikasimama, akasoma peke yake gengeni, kitabu chini ya mizani. Mtihani wa kidato cha nne alipata daraja la tatu. Bibi aliposikia aliuliza swali moja tu, kama sasa atapata hatua ya nne, na hatukumrekebisha.

Mwaka jana aliomba nafasi chuoni, ngazi ya cheti. Fomu ya mtandaoni ilimtaka namba ya mtihani, na mfano uliowekwa kwenye kisanduku ulianza na S. Alifuta, akaandika P, akaogopa, akafuta tena. Alinipigia saa nne usiku. Nilimwambia aandike kama ilivyo. Alikata simu bila kuaga, na baada ya dakika chache ukaingia ujumbe: "Imekubali. Wanataka na picha. Nivae nini?"